Mwaka Tuliojifunza Kalkulasi Mlimani

Mama yako amenieleza kwamba umepata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba katika orodha nzima ya masomo ya mwaka wa kwanza ni kalkulasi peke yake inayokukosesha usingizi. Amesema waliokutangulia wamekwisha kukujaza maneno: kwamba ni kozi ya kuchuja watu, kwamba wengi husapu na wengine hudisko, kwamba asiyezaliwa na kichwa cha hesabu afungashe mapema. Kaa hapa karibu nami, mwanangu, nikusimulie ilivyokuwa kwetu. Kozi hiyo niliisoma palepale, mwaka 1973, na misingi yake nikaja kuwafundisha vijana wa kidato cha tano na sita mpaka nilipostaafu. Nililotoka nalo ni moja, na nitakwambia mapema ili usihangaike kulitafuta: somo hili lilijengwa na watu waliothubutu kuuliza maswali ya kuudhi, na sijaona aliyelielewa kwa njia nyingine.

Tuliripoti chuoni mwezi Julai, tukitoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), viganja vina sugu za jembe na vichwa ndiyo kwanza vinaota nywele. Mimi nilitoka Njombe, kwenye ukungu na baridi ya kung'ata masikio, na Dar es Salaam hata kipupwe chake kilinitoa jasho. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilikuwa na miaka mitatu tu tangu Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kigawanywe mwaka 1970, Nairobi na Makerere zikashika njia zao na sisi yetu. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Walter Rodney alikuwa bado anafundisha historia, na kitabu chake juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla. Wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa wakipita mjini kama wenyeji. Jioni ukumbi wa Nkrumah ulijaa watu wakibishana juu ya ubeberu, na sisi wa sayansi tulisimama madirishani na madaftari yetu kwapani, tukisikiliza kidogo kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya kesho. Mwaka huohuo kitivo cha uhandisi kilifunguliwa, na wale vijana wa kwanza wa uhandisi walitembea kifua mbele, maana nchi nzima ilikuwa ikiwasubiri.

Serikali ilitulipia malazi na chakula, mkononi tukabaki na posho ndogo. Nauli ya basi mpaka mjini ilikuwa senti hamsini, ile sarafu yenye picha ya sungura. Kahawa chungu ya Kariakoo tuliinywa kwa senti tano kikombe, na kashata juu yake kama mwezi ulikuwa haujakonda. Nakutajia bei hizi ili uelewe uzito wa vitabu. Kitabu kikubwa cha kalkulasi kilichotoka Marekani kiliuzwa mjini zaidi ya shilingi 80, na aliyekuwa nacho alikilaza chini ya mto wake. Kwa bahati duka moja la vitabu lilileta vitabu vya Kirusi vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, vya shirika la Mir la Moscow. Hapo nilikutana na Piskunov, kitabu kinene cha kalkulasi chenye jalada gumu, na mimi na mwenzangu wa chumba tulichanga shilingi 15 tukakinunua. Karatasi zake zilikuwa na harufu ya gundi na ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Maelezo yake yalikuwa machache, mazoezi yake hayana mwisho, na ukurasa uliokwisha kushindana nao usiku kucha huusahau mpaka unazikwa.

Mwalimu wetu alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Kerala, mtu mwembamba mwenye miwani mizito na shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni. Ukumbi wa mihadhara ulinukia dawa ya sakafu na vumbi la chaki, na upepo ulipovuma kutoka upande wa mikorosho ulileta harufu ya majani yaliyochomwa. Alifundisha kwa Kiingereza cha polepole, akiandika ubaoni kila anachokitamka. Siku ya kwanza hakutoa utangulizi. Alichora grafu ya x kipeo cha pili, akaweka nukta pale x inapokuwa 3, akauliza: hapa, kwenye nukta hii, mstari unapanda kwa kasi gani?

Mstari ulionyooka tuliujua tangu sekondari. Unachukua nukta mbili, unatazama umepanda kiasi gani na umekwenda mbele kiasi gani, unagawa. Lakini huu ulikuwa umepinda, na nukta ni moja. Ukigawa unapata sifuri kwa sifuri, yaani hupati kitu. Mwalimu akachukua nukta ya pili, pale x inapokuwa 4: 16 toa 9, gawa kwa 1, jibu 7. Akaivuta karibu, kwenye 3.1: 9.61 toa 9, gawa kwa 0.1, jibu 6.1. Akaivuta tena mpaka 3.01, akapata 6.01, mpaka 3.001, akapata 6.001. Darasa zima lilikwisha kuiona 6 kabla hajaitamka. Ndipo akauita ule umbali mdogo h, akafanya hesabu mara moja kwa niaba ya namba zote: 3 jumlisha h, zidisha kwa yenyewe, ni 9 na 6h na h kipeo cha pili, toa 9, gawa kwa h, inabaki 6 jumlisha h. Kisha akasema h inapokwenda sifuri jibu ni 6, akaifuta h kwa kidole, akageuka kututazama.

Kijana mmoja kutoka Kibosho, aliyesoma seminari na aliyekuwa na sauti nzito kuliko umri wake, alisimama. Wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakumkatiza mhadhiri. Akasema: "Mwalimu, naomba kueleweshwa. Ulipogawa kwa h, lazima h isiwe sifuri, maana hakuna kugawa kwa sifuri. Mstari uliofuata umeifuta kana kwamba ni sifuri. Ni ipi kati ya hizo mbili?" Ukumbi ulinyamaza. Wengine walimvuta shati aketi. Mwalimu aliweka chaki chini, akavua miwani, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa mwalimu aliyebanwa na swali.

Akatuambia swali hilo liliulizwa kwa maandishi mwaka 1734 na George Berkeley, mtu wa kanisa aliyefanywa askofu huko Ireland mwaka huohuo. Newton alikuwa ameanza kuivumbua kalkulasi mwaka 1665 na 1666, tauni ilipofunga chuo cha Cambridge akarudi kijijini kwao. Leibniz, Mjerumani, aliifikia kwa njia yake mwenyewe, akaichapisha mwaka 1684. Wawili hao na wafuasi wao waligombana miaka mingi juu ya nani alitangulia. Lakini juu ya swali la yule askofu, hakuna upande uliokuwa na jibu safi. Walijua tu kwamba hesabu zao zinatoa majibu ya kweli, kuanzia mwendo wa sayari mpaka wa mizinga. Jibu lilianza kushika umbo mwaka 1821, Cauchy alipochapisha mihadhara yake huko Paris, na likakazwa baadaye na Weierstrass huko Berlin.

Akatupa jibu lenyewe, nami nakupa kama alivyolisema. Hatuipi h sifuri hata siku moja. Tunauliza jibu linakaribia namba gani, na neno "kukaribia" lina masharti. Wewe nitajie upungufu wowote unaoweza kuuvumilia, uwe mdogo utakavyo. Mimi nitakutajia umbali ambao h ikiwa ndani yake, jibu halitoki nje ya upungufu wako. Ukisema hutaki lipite moja ya elfu kutoka 6, nakwambia h iwe chini ya moja ya elfu. Ukisema moja ya milioni, nakujibu vivyo hivyo. Kama ninaweza kukujibu kila unaponitajia, bila kushindwa mara moja, basi 6 ndiyo kikomo. Yule kijana wa Kibosho alikaa kimya, akaandika, akasimama tena kusema asante. Nilitoka ukumbini siku ile nikijua kwamba ubishi aliouanzisha ndio somo lenyewe.

Baada ya hapo watu walianza kuuliza. Tukaunda kundi la kusoma: yule mseminari, mwenzangu wa chumba, kijana mmoja wa uhandisi, na dada mmoja wa Tanga, mmoja kati ya wasichana wachache wa darasa letu, aliyesoma kitabu huku ameshika penseli na hakukubali mstari wowote kwa hisani. Tulikutana baada ya chakula cha jioni. Tulisikiliza mhadhara kwa Kiingereza na tukagombana kwa Kiswahili, na mara nyingi jambo lilieleweka pale kwenye ugomvi. Ilikuwa miaka ya dhiki. Oktoba 1973 mafuta yalipanda bei dunia nzima, mvua nazo zikagoma, na kwenye meza za bwalo ukaja ugali wa unga wa njano wa mahindi ya msaada, ambao watu waliuita yanga. Ulikuwa na harufu nzito kidogo na ulishika meno. Tuliula pamoja na maharage, tukafuta meza, tukatandaza karatasi juu ya meza ileile.

Kuna zoezi moja lililotutoa chuoni. Utalikuta na wewe, maana halikosi katika kitabu chochote cha kalkulasi. Linasema: tengeneza kopo la duara la lita moja, lenye kitako na kifuniko, litumie bati kidogo iwezekanavyo. Kopo nene na fupi linakula bati nyingi kwenye kitako na kifuniko. Jembamba na refu linakula ubavuni. Katikati kuna umbo lililo bora, na kalkulasi hulipata pale ambapo bati imeacha kupungua na haijaanza kuongezeka, yaani kasi ya badiliko ni sifuri. Ukifanya hesabu, jibu ni kopo ambalo urefu wake ni sawa na kipenyo chake, karibu sentimita 10.8 kwa 10.8. Dada wa Tanga alilitazama jibu, akasema: "Mbona sijawahi kuliona kopo la namna hii dukani?" Mwalimu alipoulizwa hakujibu. Alisema tu, nendeni mkawatazame wanaotengeneza.

Jumamosi tukapanda basi mpaka mjini, tukatembea kwenda Gerezani. Mafundi bati walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na kelele za nyundo ulizisikia kabla hujaiona bati. Palinukia makaa, lehemu inayoyeyuka na asidi ya kusafishia bati, harufu inayokaba koo. Tulimwendea mzee mmoja wa Kizaramo, amevaa kofia iliyofifia na fulana yenye matundu ya cheche, vidole vyake vina makovu membamba ya kukatwa na bati. Alinunua madebe matupu kwa shilingi mbili, akayafumua, akayafanya vibatari, mabomba ya mvua na makopo ya kubebea mafuta ya taa. Tukamwamkia, akaitika: "Marahaba wanangu, karibuni." Tukamwomba atuonyeshe kopo la lita, tukalipima kwa rula. Kipenyo kilikuwa pungufu kidogo ya sentimita 10, urefu sentimita 13 na ushee.

Mseminari akamweleza kwa adabu kwamba kopo fupi kidogo na nene kidogo lingetumia bati pungufu. Mzee hakuudhika. Alichukua kipande cha bati cha mraba, akaweka bikari, akachora duara la kitako, akalikata kwa mkasi mbele yetu, taratibu, bati likilia. Kisha akaokota zile pembe nne zilizobaki, akaziweka moja moja kwenye kiganja cha mseminari. "Na hizi je? Hizi nimezilipia pesa." Akainua kopo, akapitisha kucha kwenye ukingo wa kitako, pale bati la ubavu lilipokunjwa na kukamatana na la chini. "Na huu mkunjo je? Kitako kikiwa kipana, mkunjo ni mrefu, lehemu inaenda, na jua linazama." Tulinunua kopo moja kwa shilingi moja, tukamshukuru, na ndani ya basi hakuna aliyeongea mpaka tukafika Ubungo, maana kila mmoja alikuwa akikokotoa kichwani.

Usiku ule tukaziingiza zile pembe kwenye mlinganyo. Badala ya kuhesabu eneo la duara la kitako na la kifuniko, tukahesabu mraba mzima unaokatwa kwa ajili ya kila duara, maana pembe zinazotupwa ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mraba huo. Tukatafuta tena pale badiliko linapokuwa sifuri. Jibu likatoka safi hata tukalirudia tukidhani tumekosea: kwa lita moja, kipenyo ni sentimita 10 kamili na urefu ni sentimita 12.7. Hilo lilikuwa karibu mno na kopo lililokaa mezani. Tulipoongeza gharama ya mkunjo, kopo likazidi kuwa refu na jembamba, likalisogelea la mzee. Jumatatu mseminari aliandika hesabu nzima ubaoni mwalimu alipomwita, naye mwalimu akaliinua lile kopo darasa zima lilione. Akatuambia hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa, na kazi ya mtaalamu ni kuhakikisha swali limebeba kila kinacholipiwa. Nimeyarudia maneno hayo darasani kwangu miaka yote ya ualimu.

Nusu ya pili ya kozi ilihusu kujumlisha. Unachukua eneo lililo chini ya mstari uliopinda, unalikata vipande vyembamba, unavijumlisha, halafu unavifanya vyembamba zaidi na zaidi. Archimedes alipima maeneo ya namna hiyo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kinachoshangaza ni kwamba kazi hiyo ya kujumlisha na ile ya kutafuta mwinuko wa nukta moja kila moja ni kinyume cha mwenzake: moja hufunga, nyingine hufungua. Kitabu kilithibitisha kwa mistari minane, na sote tukainakili. Dada wa Tanga akafunga kitabu, akasema hakuna kulala mpaka mtu amweleze kwa nini eneo na mwinuko, vitu visivyojuana, viwe ndugu.

Hatukuweza usiku ule. Likizo ya Desemba nikapanda basi kwenda Njombe, nauli shilingi 35, nikapata kiti nyuma ya dereva, katikati ya harufu ya dizeli na magunia ya dagaa. Mbele yangu kulikuwa na saa mbili: mshale wa mwendo na kaunta ya kilomita. Kutoka Morogoro nikaanza kuandika mwendo kila baada ya dakika tano. Barabara ilipokatiza Mikumi dereva alipunguza kwa ajili ya wanyama. Kwenye miinuko ya Kitonga basi lilitambaa na abiria wakavuta nyuradi. Tulipofika Iringa nikazidisha kila mwendo kwa dakika zake, nikajumlisha, nikalinganisha na kaunta. Tofauti ilikuwa kilomita chache. Niliporudi chuoni nikampa dada wa Tanga karatasi ile, imejikunja na ina alama za mafuta. Aliitazama kwa muda, akasema: "Ningeandika kila dakika, tofauti ingepungua. Kila sekunde, ingepungua zaidi." Halafu akaenda haraka, sauti imepanda: mshale unaonyesha kaunta inakwenda kwa kasi gani, basi ukijumlisha yanayosemwa na mshale, lazima uirudie kaunta. Kaunta ikifa, mshale unaweza kukupa kilomita. Mshale ukifa, kaunta na saa ya mkononi vitakupa mwendo. Eneo na mwinuko ni saa mbili za safari moja. Wewe ukifika kwenye nadharia hiyo, inayoitwa nadharia ya msingi ya kalkulasi, iangalie hivyo kwanza, ndipo usome mistari minane ya uthibitisho.

Kijana wetu wa uhandisi naye alileta la kwake. Reli ya Uhuru ilikuwa ikijengwa na Wachina pamoja na watu wetu tangu mwaka 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na mwaka ule ilikwisha kufika mpaka wa Zambia. Alitueleza kwamba reli haitoki kwenye mstari ulionyooka ikaingia kwenye kona ya duara kwa ghafla. Ingekuwa hivyo, treni ingepokea msukumo wa pembeni kwa mkupuo mmoja, mizigo ikagonga ubavu na magurudumu yakasaga chuma. Kati ya ulionyooka na kona huwekwa kipande ambacho kupinda kwake kunaongezeka kidogo kidogo, na kipande hicho hukokotolewa kwa kalkulasi. Miaka michache baadaye, nikirudi nyumbani kwa treni kupitia Makambako, nilisimama dirishani milimani baada ya Mlimba nikivisubiri vipande hivyo, nikivisikia mwilini kona inapoanza bila kishindo.

Na kuna siku mwalimu alijisikia kutupa la nyumbani kwake. Tulikuwa kwenye mifululizo, akaandika: 1 toa theluthi, jumlisha moja ya tano, toa moja ya saba, endelea bila kukoma, nayo inakaribia robo ya pai. Vitabu vya Ulaya huupa mfululizo huo jina la Leibniz. Mwalimu akasema wataalamu wa Kerala, wakifuata mafundisho ya Madhava, waliujua zaidi ya miaka mia mbili kabla yake. Akatukumbusha kwamba Kerala ndiko iliko Kalikuti, bandari ambayo Vasco da Gama aliifikia mwaka 1498 akiongozwa na rubani aliyempata Malindi. Alisema: majahazi ya pwani yenu yalitia nanga kwetu wakati watu wetu wanazikokotoa namba hizi. Hakuongeza neno. Lakini vijana waliokuwa wakilisoma somo hili kana kwamba wameazimwa na Wazungu waliondoka siku ile wamenyooka mgongo.

Mtihani ulikuja Machi 1974. Kundi letu lote lilivuka, na si kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipaji. Mwenzangu wa chumba alikuwa wa wastani kabisa, lakini alikuwa ameyasikia maswali yote magumu yakiulizwa na kujibiwa mbele yake. Mwezi Juni Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika palepale Mlimani, na Novemba chama cha TANU kikaamua kule Musoma kwamba watu wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Tukatawanyika. Dada wa Tanga alikwenda kwenye mambo ya maji, akakokotoa pampu na matangi mpaka alipostaafu, na vijana wa ofisi yake walimwogopa kwa neno lake moja: "Nithibitishie." Mseminari alirudi Kilimanjaro kufundisha. Kijana wa uhandisi aliishia kwenye umeme. Mwenzangu wa chumba hakurudi kutoka vita vya Kagera, na Piskunov wetu nikabaki nacho peke yangu. Mwalimu alimaliza mkataba wake akarejea India. Barua zake mbili ninazo.

Miaka yote niliyofundisha nimewaona watoto wenye akili nzuri wakiangushwa na kalkulasi, na karibu wote walianguka kwa namna moja. Kulikuwa na mahali fulani, mara nyingi wiki ya kwanza, jambo lilipowapita wakaona haya kusema. Wakakariri kanuni ili wafike mbele. Kanuni zikawabeba mwezi, miezi miwili, halafu likaja swali lililogeuzwa kidogo na hawakuwa na pa kushika. Somo hili halina kina cha kumzamisha mtu. Kunyamaza ndiko kunakozamisha. Kwa hiyo tafuta wenzako watatu au wanne mapema, na mmoja wao awe mbishi kuliko wewe. Bishaneni kwa Kiswahili hata kama mhadhara ni wa Kiingereza. Kila ukutanapo na fomula, uliza ni kitu gani kinabadilika, kinabadilika kwa kufuata nini, na ni gharama gani imeachwa nje ya hesabu. Na mhadhiri atakapoifuta h ubaoni, nawe ukahisi kuna jambo limefichwa hapo, simama uulize. Kama kuna atakayecheka, mwambie swali hilo liliwashinda wanahesabu wa Ulaya tangu mwaka 1734 mpaka 1821, miaka 87, na kwamba wewe unataka kulimaliza wiki hii.